Maswali Manne Niliyomwandikia Baba Mkwe

Jumamosi ya pili baada ya Pasaka mwaka huu tulimzika baba mkwe wangu nyumbani kwake, upande wa Tukuyu, mvua ikinyesha. Alikufa kwa uvimbe wa utumbo mpana. Mimi nimefanya kazi ya matumbo ya watu zaidi ya miaka thelathini, na kwa miezi saba kabla hajalazwa nilikuwa nampelekea unga wa nyuzinyuzi wa kulainisha choo. Wiki sita baada ya mazishi nikastaafu. Ninyi mliobaki kliniki mliniomba niwaandikie yale niliyokuwa nawaambia wakati wa chai, yasije yakapotea. Nitayaandika, ila siwezi kuyaandika bila kumtaja mzee, kwa hiyo nimemweka mwanzoni.

Nilimaliza darasa la saba Igowole, Mufindi, sikuendelea. Niliajiriwa mhudumu wa wodi kwenye hospitali ya misheni upande wa Iringa. Siku ya kwanza nilipewa ndoo, brashi na viatu vya mpira, vyote viwili vya mguu wa kushoto. Nilivivaa hivyo hivyo mwezi mzima kwa sababu niliogopa kusema. Kazi yangu ilikuwa kumwaga mabeseni ya choo ya wagonjwa wasioweza kuamka. Nilimwaga la kwanza nimeziba pua na kugeuza uso, na nilipogeuka nilimkuta muuguzi mkuu wa wodi amesimama mlangoni.

Huyo alikuwa Bi Zuhura. Alizaliwa Iringa mjini, wazee wake walikuja kutoka pwani zamani wakafungua duka, na Kiswahili chake kilikuwa kinatufanya sisi wa Mufindi tuone aibu kufungua mdomo. Aliniuliza kama nimeangalia nilichomwaga. Nikasema sikuangalia.

"Basi umechoma barua ya mtu kabla haijasomwa," akasema. "Kesho usizibe pua. Pua nayo inasoma."

Tangu siku hiyo niliangalia. Nilimwambia nilichokiona, rangi na ugumu, na yeye aliandika kwenye faili. Baada ya muda nilikuwa najua nani ataomba kwenda nyumbani kesho na nani bado, kabla daktari hajapita. Siandiki hivi kujisifu. Mtu yeyote asiyeziba pua angejua.

Baadaye Bi Zuhura alipewa ruhusa ya kuanzisha kliniki ya tumbo kwa watu wazima, Jumanne na Alhamisi, akanichukua mimi niwe msaidizi. Alisema amenichukua kwa sababu sina haya. Haikuwa kweli, haya nilikuwa nayo nyingi, ila nilikuwa namwogopa yeye kuliko nilivyoona haya. Alinifundisha maswali matano, kwa mpangilio wake. La kwanza, shida ilianza lini. La pili, unakwenda choo mara ngapi kwa wiki. La tatu, unakula nini na unakunywa maji kiasi gani. La nne, choo kinafananaje. La tano, umeona damu, na nguo zako zimeanza kukupwaya?

La tano liliulizwa mwisho kwa sababu kufikia hapo mgonjwa ameshakuzoea na haoni tena kuwa unamchunguza. Lakini lilikuwa halirukwi. Aliniambia kwamba nikimpa mtu unga bila kuuliza la tano, nimekuwa muuza duka tu, na muuza duka mmoja kwenye ukoo wake alimtosha.

Kwa swali la nne tulikuwa na kadi. Wengi wenu mmeishika, ile yenye picha saba, kuanzia vigololi vikavu hadi maji matupu. Ilichorwa na mwalimu mmoja wa sanaa, ikafunikwa kwa nailoni. Mgonjwa hasemi kitu, anaweka kidole. Mzee mmoja mkulima wa mpunga kutoka Madibira aliitazama kwa muda mrefu, akasema picha ya tatu ni muhogo uliopasuka, ya nne ni ndizi, ya tano ni vipande vya kiazi, kisha akauliza kama mwalimu aliyechora alikuwa amekula siku hiyo. Bi Zuhura alicheka hadi akavua miwani. Halafu akamuuliza la tano kama kawaida, na mzee akajibu kama kawaida kwamba hakuna.

Sasa habari ya unga. Ulipoanza kuletwa, mimi nilidhani ni dawa. Bi Zuhura alinikatalia. Alichukua chupa mbili za plastiki, akatia togwa mbichi iliyotoka kupoa, moja akaiongezea kimea, nyingine hakuiongezea, akafunga vifuniko, akaziweka karibu na jiko la chai. Kesho yake yenye kimea ilikuwa imevimba hadi haisimami. Alinieleza kwamba tumboni kuna bakteria wengi kuliko watu wa Iringa na Mbeya tukiwekwa pamoja, na wengi wao wanakaa kwenye utumbo mpana, mwishoni kabisa. Wali mweupe na ugali wa sembe vinayeyuka na kuisha njiani, hao wa mwisho wanabaki na njaa. Nyuzinyuzi sisi wenyewe hatuwezi kuzisaga, zinapita zima zima hadi kule chini, na wale bakteria wanazila. Wakishiba wanaongezeka, hasa wale wenye faida. Wanatoa asidi kidogo inayolisha ukuta wa utumbo, choo kinashika maji na kuwa laini. Na wanatoa hewa. Akaonyesha chupa iliyovimba.

"Kwa hiyo mgonjwa akirudi wiki ya kwanza analalamika tumbo linaunguruma," akasema, "usimwambie hapana. Mwambie wageni wamefika na wanakula."

Yote niliyojifunza baadaye kwenye semina yalikuwa hayohayo kwa maneno marefu zaidi. Nyongeza ni chache. Unga wenyewe si wa aina moja. Upo unaolisha bakteria, na upo wa maganda ya mbegu ambao kazi yake kubwa ni kushika maji, bakteria wanaugusa kidogo tu. Matumbo pia hayafanani, wawili wanaweza kunywa unga uleule, mmoja akafunguka na mwingine akavimba tu. Na ukiacha, katika wiki chache wale bakteria wanarudi walivyokuwa, kwa hiyo hakuna mtu anayenywa mara moja akapona maisha yake yote. Mkikutana na anayeahidi hivyo, mjue anauza.

Anzeni na nusu kijiko cha chai kwa wiki nzima. Msimruhusu mtu aanze na kijiko kizima eti ana haraka. Ongezeni polepole. Glasi mbili za maji kwa kila dozi, moja ya kukorogea na moja ya kufuatishia. Hili la maji liliniumiza kichwa miaka yote, maana huku kwetu ni baridi na watu hawanywi maji, wanakunywa chai. Bi Zuhura alikuwa ananitania kwamba watu wa Mufindi tunayajua maji kwa kuoga tu, na hayo nayo mpaka yachemshwe. Mtu mmoja wa kwetu Igowole alirudi baada ya wiki mbili hajaenda choo kabisa, tumbo gumu kama ubao. Tulimuuliza anatumiaje unga. Alitoa pakiti mfukoni, akamimina kiganjani, akalamba, kama watoto wanavyolamba glukosi. Alisema ni mtamu kidogo na kwamba maji yanaharibu ladha. Ilibidi alazwe. Kosa lilikuwa langu, nilimwambia kiasi cha unga nikasahau kusema unanywewa. Tangu hapo dozi ya kwanza niliwakorogea mwenyewe wakanywa mbele yangu, na glasi ya pili nilikaa nao mpaka waimalize.

Na kabla ya unga, chakula. Mama mmoja wa Madibira alikuwa anakula wali mara tatu kwa siku kwa sababu mpunga ndio uliokuwa nyumbani. Hatukumpa unga. Tulimwambia apike maharage, achanganye uji wa ulezi, wali aule uliopoa, maana ukipoa sehemu yake nayo inafika chini kwa bakteria, asubuhi abadilishe na viazi vya jana. Alirudi baada ya mwezi akasema tumbo limekubali ila mume amekasirika kwa viporo. Bi Zuhura aliandika kwenye faili: tumbo zima, mume bado.

Niliolewa nikiwa katika kazi hiyo. Ambakisye alikuja kutengeneza umeme wa wodi, akanikuta nimesimama na beseni, akanisalimia bila kuangalia beseni. Nilifikiri mtu huyu ana adabu. Yeye ni Mnyakyusa. Baada ya harusi tulihamia Mbeya, nikapata kazi kliniki ya tumbo ya hospitali ambako mmenikuta. Siku ya kuniaga Bi Zuhura alinipa ile kadi. Alisema atachorewa nyingine.

Hapa lazima nieleze jambo la ukweni, la sivyo wale mliotoka mbali hamtanielewa.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Si ugomvi, ni heshima. Mama mkwe alinifundisha wiki ya kwanza. Simwangalii usoni, sipiti njia anayopita, sikai chumba alichokaa, jina lake silitamki, na simsemeshi. Familia nyingi siku hizi zimeacha, nawaona wanakula meza moja na kucheka. Baba mkwe hakuacha, na sikutaka aache. Nilipokuwa mgeni kule Tukuyu, yeye ndiye aliyenifanya nijione mtu. Alikuwa anakohoa kabla ya kukata kona ya nyumba, nipate nafasi ya kusogea. Kila alipokwenda shamba kwa njia ya jikoni alikohoa tangu kwenye mgomba wa kwanza. Nimejua kikohozi chake miaka ishirini na sita, na sura yake nimeijua kwa picha iliyoko sebuleni.

Tulikuwa tunasemeshana kupitia kuku. Sijui nani alianza. Mimi nikiwa jikoni na yeye barazani upande wa pili wa ukuta, nilisema kwa sauti, "Ninyi kuku, chai iko mezani," nikaondoka. Baada ya muda nilisikia naye anasema na kuku.

"Kuku, mwambieni mwenye chai kwamba leo sukari ilipita haikusimama."

Mwaka mmoja ugonjwa wa mdondo uliua kuku wote. Tulipofika likizo alikuwa amemwambia mama mkwe anunue mmoja upesi, maana wageni wanakuja na hakuna wa kusema naye. Mama mkwe alinisimulia huku anafuta machozi kwa kucheka. Nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa namna yake ya kusema kwamba amenikumbuka.

Mwaka jana, mwezi wa nane, Ambakisye alirudi kutoka Tukuyu akasema baba ana shida ya choo na ameniomba mimi, mtu wa kazi hiyo, nimsaidie. Kuomba huko kulikuwa kugumu kwake. Hata kumwambia mwanawe kulikuwa kugumu.

Nilichukua karatasi nikaandika maswali ili mume wangu akamsomee Jumamosi. Niliandika la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Kwa la nne nilipiga picha ya kadi kwenye simu yake. Nilipofika la tano kalamu ilisimama.

Nimewaza sana kwa nini. Kuuliza mara ngapi na kuuliza maji, hayo niliona yanapita. Hata kadi ilipita, kwa sababu ni kidole tu. Lakini damu, kwa Ambakisye kumsomea baba yake kwamba mkweo anauliza kama unatoa damu sehemu za siri za nyuma, niliona ni kama nimeingia chooni kwake nikasimama. Nimewauliza swali hilo wachungaji, masheikh, wanajeshi, na mara moja mkuu wa shule aliyenifokea. Sikuweza kumwandikia yeye. Ningeweza kumpigia mama mkwe. Nalo nililiwaza, nikaona aibu ya pili, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha mwiko. Nikajiambia kwamba ni mzee, anakula wali na ndizi, hanywi maji, sababu zote ziko hapo. Nikakunja karatasi.

Majibu yalikuja Jumapili. Ilianza wakati wa kuvuna mahindi. Mara mbili kwa wiki. Wali, ndizi, chai. Kidole aliweka picha ya kwanza, halafu akasema wakati mwingine ya pili. Ambakisye aliniambia baba alingoja kidogo baada ya swali la nne, akauliza kama yameisha. Akamwambia yameisha.

Nilimtumia unga pamoja na maelezo yote ya maji, nimeyaandika kwa herufi kubwa. Baada ya wiki ya tatu alipata nafuu. Hilo ni kweli na liandikwe. Unga ulifanya kazi yake. Choo kililainika, akaenda mara nne, mara tano kwa wiki. Ambakisye alipiga simu akiwa kule, akaweka sauti ya juu, nikasikia mzee anasema kwa mbali.

"Kuku, mwambieni mwenye unga kwamba mlango umefunguka."

Nilijisikia vizuri kiasi kwamba nilikuja kuwasimulia hapo kliniki. Mwenzenu Happy atakumbuka, nilinunua maandazi.

Krismasi tulikwenda. Nilimwona kwa mgongo, kama siku zote, akielekea migombani. Koti lake la kanisani lilikuwa limekuwa kubwa. Mabega ya koti yalikuwa yamepita mabega yake. Niliona, ndugu zangu. Sitaki mseme baadaye kwamba sikuwa na namna ya kuona. Nusu ya swali la tano ilikuwa inatembea mbele yangu kwenye njia ya jikoni, nikasema moyoni uzee umemfika. Nikamwachia pakiti nyingine za unga.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu alianguka shambani. Walimleta Mbeya, hospitali yetu, damu ikiwa imepungua sana. Daktari wa zamu alikuwa kijana, mpole. Alimuuliza Ambakisye tangu lini baba anatoka damu chooni. Ambakisye hakujua kama inatoka. Daktari akanigeukia mimi, kwa sababu kwenye karatasi ya kulazwa palikuwa pameandikwa kwamba mgonjwa anatumia unga kutoka kliniki ya tumbo, na kliniki ni mimi. Aliuliza kwa heshima tu, akiniita kwa jina la mwanangu.

"Mama Atu, wewe ulimwanzishia. Wakati ule hali ya damu ilikuwaje?"

Nikasema sikuuliza. Aliandika. Sijawahi kuona kalamu ikiandika polepole namna ile, lakini pengine aliandika kwa kasi ya kawaida.

Mchana wa kuona wagonjwa nilijifunika kanga kichwani nikaingia wodini. Ambakisye alikuwa amekwenda kutafuta mtu wa kutoa damu. Nilikaa kwenye kitanda cha jirani kilichokuwa wazi, nimempa mgongo, naangalia dirisha. Kisha nikamsemesha, kwa mara ya kwanza.

"Baba. Umeona damu chooni?"

Nilisikia kitanda chake kinalia. Alikuwa anajigeuza aelekee ukutani, asinitazame. Kwa mwili ule haikuwa kazi ndogo. Nilitaka kumsaidia, ila kumshika ndiyo kabisa nisingeweza.

"Hapa hakuna kuku," akasema. "Nitasema na ukuta."

Nikangoja.

"Ukuta, mwambie Mama Atu damu ipo. Ipo tangu mahindi yanavunwa. Mwanangu aliposoma karatasi nilingoja aifikie, akasema maswali yameisha. Nikajua basi si jambo. Mwenye karatasi ndiyo kazi yake. Lingekuwa la kuuliza, angeuliza."

Nilimwomba msamaha. Sikumwomba kupitia ukuta, nilisema, "Nisamehe, baba."

"Ndaga," akasema. Kwa Kinyakyusa neno hilo ni asante, na ni pole pia. "Ukuta, mwambie unga wake ulikuwa mtamu."

Walimpasua, wakafunga. Uvimbe ulikuwa umeshafika kwenye ini. Nilimuuliza yule daktari kijana kama tungeujua mwezi wa nane ingekuwaje. Alisema unga haukuleta ugonjwa na haukuukuza, ila nafuu iliwafanya wote watulie. Kuhusu kama angepona, alisema hajui. Angeweza kuniambia hapana ili nilale usingizi. Alisema hajui, nami namheshimu kwa hilo.

Nilimpigia simu Bi Zuhura, Iringa. Sasa ni mzee, anasikia kwa sikio moja. Nilimweleza yote kwa sauti kubwa nikiwa nimesimama nje ya stoo ya mashuka, watu wanapita.

"La tano uliliuliza?" akasema.

Nikasema sikuliuliza.

"Haya, mwanangu," akasema. Hakunigombeza. Aliniuliza kama Mbeya mvua inanyesha. Nikasema inanyesha. Akasema na Iringa pia. Tulikaa hivyo kwenye simu, hakuna aliyekata, mpaka simu yangu ikazima yenyewe.

Mzee alirudishwa nyumbani kwake, akafa wiki ya Pasaka ilipokwisha. Kwenye mazishi nilikaa na wanawake, kama inavyotakiwa. Tulipotoka makaburini nilipita njia ya jikoni, nikafika kwenye kona ya nyumba nikasimama, nangoja mtu akohoe. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu na ndoo aliniomba njia.

Wiki sita zilizobaki kazini nililiuliza la tano kwanza, kabla hata ya salamu kutulia. Bi Zuhura asingekubali, na wagonjwa wawili walishtuka. Ninyi fanyeni kama alivyofundisha yeye, mwishoni, mtu akishakuzoea. Mimi sikuwa naweza kungoja tena mpaka mwisho. Na mgonjwa akikuambia kwamba anachukua unga wa kumpelekea mtu aliyeko nyumbani, msimpe. Hata kama ni mkwe wa daktari. Mwambieni amlete, na kama hawawezi kukaa chumba kimoja, mmoja akae nje.

Kadi sikuwaachia. Happy aliitafuta siku ya kuniaga, nikanyamaza. Nisamehe, Happy. Iko hapa.

Nilipostaafu nilikuja Tukuyu kukaa na mama mkwe, maana yuko peke yake. Naandikia jikoni kwake. Juzi asubuhi alikaa kwenye kigoda, ameshika tumbo, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba tangu msibani halijakaa sawa, na kwamba pakiti za mzee zilizobaki ziko kabatini, je, nazo haziwezi kumsaidia? Niliangalia kabati. Aliniangalia, akafikiri nimekasirika.

"Nilikuwa naiona, Mama Atu," akasema. "Kwenye nguo zake. Mimi ndiye nafua. Nikasema mwenye kazi anajua, ndiyo maana ametuma unga. Nikaona nisikusumbue."

Nilikwenda kukaa karibu yake. Hatukulia, tulikuwa tumeshalia. Nikamwambia nitamuuliza maswali na anijibu yote. Ilianza lini, akasema siku ya tatu baada ya kuzika. Mara ngapi, akasema mara moja wiki hii. Anakula nini, nilikuwa najua, hali kitu, anakunywa chai. Nilileta kadi. Aliitazama, akauliza ni nani aliyechora mambo kama haya, akaweka kidole kwenye ya kwanza.

"Mama," nikasema, "damu ipo?"

"Hakuna."

"Umeangalia?"

Alifikiri. Akasema kwa kweli hajaangalia. Nikamwambia akaangalie, nitangoja. Jana asubuhi alirudi kutoka uani, akaniambia ameangalia vizuri, kumekucha na mwanga upo, hakuna. Nikamkagua macho na kucha kama damu haijapungua mwilini, nikamwekea gauni lake la msiba mabegani, linamtosha. Nikamwambia hata hivyo wiki ijayo tunakwenda wote Mbeya, daktari amwone.

Ndipo nikafungua pakiti, nikakoroga nusu kijiko kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Alikunywa, akasema kweli ni mtamu, mzee alikuwa anamwambia. Nikammiminia glasi ya pili ya maji matupu. Alisema atainywa baadaye, kuna kuku wa kufungulia. Nikasema kuku watangoja. Akaishika kwa mikono miwili, akanywa kidogo kidogo, nami nikakaa naye mpaka ikaisha.